Mwanamke Asiyekuwepo

Kikao kilikaa Jumapili, vyombo vya mchana vikiwa vimeshaoshwa, juu ya makochi ambayo Fundi aliyatengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Shangazi wa mkewe alichukua kochi kubwa peke yake na pochi yake. Shemeji yake Fundi, kaka wa mkewe, dereva wa malori, mtu mwenye shingo nene na sauti iliyozoea kushindana na injini, alikaa kwenye lile la dirishani akalijaza. Mama Pacha, mke wa Fundi, hakutaka kochi. Alivuta kigoda akakaa karibu na mlango wa chumbani, kama mgeni aliyekuja kusema yake na kuondoka. Pacha wenyewe, wasichana wa miaka sita, walikuwa wamepelekwa kwa jirani kutazama katuni.

Fundi aliwatazama wote na hakusikia kitu moyoni. Hofu hakuna, hasira hakuna. Alichokiona ni kwamba kochi la shangazi limebonyea upande wa kushoto na springi zake zinataka kubadilishwa. Ndivyo alivyokuwa tangu mwaka jana. Mambo yalimpita kama yanamhusu mtu wa nyumba ya tatu, na yeye anaambiwa tu.

"Sema mwenyewe, mwanangu," shangazi alimwambia Mama Pacha. "Mimi nimekuja kusikiliza."

Mama Pacha akasema. Hakulia, maana alikuwa ameshalia ya kutosha jikoni. Alisema ana miezi tisa mumewe hajamgusa. Hawajagombana. Anarudi kazini, anakula, anameza vidonge vyake, anageukia ukutani. Akiulizwa anajibu amechoka. Akishikwa anakaa kama gogo mpaka mkono uliomshika uone aibu na kurudi wenyewe.

"Ninyi mnajua mimi nilimkuta na virusi," alisema. "Aliniambia kabla hajaleta barua ya posa, na sikukimbia. Tukafuata masharti ya daktari, tukazaa, mimi mzima, watoto wazima. Leo ni mimi ninayekimbiwa?"

Shemeji alikohoa. Habari za dada yake chumbani hakutaka kuzisikia hata kidogo, na njia fupi aliyoiona ya kuzimaliza ilikuwa kuuliza moja kwa moja. "Shemeji, tusizunguke mbuyu. Una mtu nje?"

Fundi alikuwa na majibu mawili. Jibu la kweli lilikuwa kwamba mwili umezimika, hajui kwa nini, na asubuhi anaamka mlegevu vilevile alivyolala. Sasa jibu hilo amwambie mtu mwenye shingo ile? Mbele ya shangazi? Mtaa mzima ulimwita Baba Pacha, na wanaume walipomwita hivyo walikonyeza jicho, kwa sababu alileta wawili kwa mpigo. Wale watoto ndio waliokuwa cheti chake. Tangu wazaliwe, hakuna aliyethubutu tena kusema kwamba mwanamume mwenye virusi ni nusu mtu. Jibu la pili lilikuwa na aibu pia, lakini ilikuwa aibu ya kiume. Mwanamume hufokewa kwa hilo, akaapa hatarudia, kisha akakaribishwa chai.

"Ndiyo," alisema. "Nina mtu."

Shangazi alishika kifua. Shemeji alifoka, tena alifoka vizuri, mara mbili tatu, akipiga paja. Lakini uso wake ulikuwa umetulia kidogo, kama wa mtu aliyefungua boneti akakuta hitilafu anayoijua.

"Ni nani?"

"Hamumjui."

"Na hali yako anaijua?"

Huko Fundi hakuwa amefika. Uongo wake ulikuwa wa hatua moja tu. "Anaijua," alisema.

Mama Pacha aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na mto na shuka lake, akapita katikati yao bila kumtazama yeyote, akaenda kuviweka kwenye kitanda cha watoto. Mlango hakuubamiza. Fundi alitamani aubamize, ili angalau wote washtuke.

*

Watu hudhani kazi ya makochi ni sindano na gundi. Ni kazi ya kuvuta. Kitambaa usipokivuta mpaka kikalia kama ngoma, mwezi hauishi kochi limekunjamana kama shati lililolaliwa. Fundi alisifika kwa kuvuta. Sasa mabega yalikuwa yamepungua, mashati yakampwaya juu huku kifungo cha tumboni kikigoma kufungika, na kila kipande kilimtaka aweke goti kwenye fremu na kupumzika mara mbili. Wateja wawili walikuwa wamerudisha viti. Zamani jambo kama hilo lingemkosesha usingizi. Safari hii alivipokea, akavipanga ukutani, akaendelea kunywa chai yake.

Jumanne, kabla ya saa sita, seremala wa banda la pili alikuja mbio, vumbi la mbao kichwani.

"Fundi, mkeo yuko kwa msusi."

"Anasukwa?"

"Anasukwa nini! Anamwaga matusi barabara nzima. Nenda kamtoe, yule mama wa watu atalia."

Msusi alikuwa mjane mwenye saluni ya viti vitatu, mwendo wa dakika tano kutoka hapo. Miezi miwili nyuma Fundi alifanya kazi kwake siku tatu, akimtengenezea benchi refu la sponji ambalo wateja hukaa wakisubiri zamu, na siku zote tatu alirudi nyumbani na nywele za bandia zimenasa kwenye shati. Mama Pacha alikuwa amezikumbuka. Nywele, siku tatu, mjane. Ushahidi wake wote ulikuwa huo, na kwa mke ambaye mumewe amekiri mwenyewe mbele ya ukoo, ulitosha na kubaki.

Dakika tano. Fundi alijiona akiingia, akimshika mkewe mkono, akisema si huyu. Kisha akamsikia mkewe akiuliza, kama si huyu, ni yupi? Hapo hakuwa na la kusema. Aliweka misumari mitatu midomoni, kama mafundi wa makochi wanavyofanya ili mikono ibaki huru, akachukua nyundo.

"Siendi," alisema kupitia misumari.

Seremala alimkodolea macho. "Hivi wewe mtu umekufa, au?"

"Labda."

Akagongelea wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akachukua mingine.

Habari zilimfuata hapohapo bandani kabla ya alasiri. Mama Pacha hakuingia saluni. Alisimama mlangoni akaigeukia barabara, ili wauza mboga na vijana wa pikipiki wasikie vizuri, akasema mwanamke huyu amemchukua mumewe, basi ajue na alichochukua: mtu wa virusi, mtu wa vidonge kila siku, wagawane. Wateja waliondoka na vichwa vilivyosukwa nusu. Mmoja alitembea hadi nyumbani uzi ukimning'inia shingoni. Ilipofika Ijumaa ilikuwa inasemwa kwamba sindano ambayo msusi anashonea nywele ni moja kwa vichwa vyote, na kila mtu aliyewahi kukaa kwenye viti vile alikuwa anajikuna kichwa na kuwaza. Mambo ya ujinga, lakini nani alikuwa na hamu ya kuyapinga?

*

Muuguzi wa kiliniki, ambaye wagonjwa wake walimwita Sista tu, alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alimjua Fundi miaka kumi na alijivunia. Katika miaka hiyo yote kipimo chake hakikuonyesha virusi damuni hata mara moja tangu dawa zishike, na kila Fundi alipokuja alimtania kwamba atambandika ukutani wenzake wamwone. Siku hiyo hakutania. Alifunga mlango.

"Mkeo alikuja juzi kupima. Yuko salama, na ameniruhusu nikwambie. Ameniambia pia una mwenza mwingine. Sikukuita nikugombeze, hapa si mahakamani. Nataka jina lake tu, naye aje apime. Nani kamtaja, hatutamwambia."

"Hayupo."

"Amesafiri?"

"Hayupo, Sista."

"Mmeachana?"

"Hakuwahi kuwepo."

Sista alivua miwani ikamning'inia kifuani. "Ngoja nielewe. Umekaa mbele ya wakwe zako ukasema una hawara, na huna?"

"Ndiyo."

"Watu huja hapa kunidanganya kwamba hawana. Wewe ni wa kwanza." Alivaa miwani tena. "Kwa nini?"

Fundi alitazama picha iliyobandikwa ukutani, baba na mama na watoto, wote wanacheka meno nje. Kisha akamwambia. Hakuchukua muda mrefu. Kupima kiti kimoja huchukua zaidi. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, akaanza kuuliza huku akiandika, kwa sauti ileile ambayo huulizia kikohozi.

"Jogoo anawika asubuhi?"

"Hawiki."

"Tangu lini?"

"Mwaka umepita."

"Nguvu za kazi?"

"Zimepungua."

"Furaha je?"

"Furaha ya nini?" Fundi aliuliza, na hakuwa na kejeli. Alitaka kweli kujua ni ya nini.

Sista aliliandika hilo pia. "Mbona hukutuambia? Unakuja hapa kila mara."

"Kila nikija mnaniuliza kama nimemeza vidonge. Vidonge nimemeza."

Kalamu ilisimama. Sista alikitazama kitabu kikubwa cha mahudhurio kilichokuwa mbele yake, ukurasa wote umejaa alama za vema. "Ni kweli," alisema. "Hatukuuliza."

Akampeleka kwa daktari. Wakamtoa damu kesho yake saa mbili asubuhi, kwa sababu homoni ya kiume hupimwa asubuhi inapokuwa juu, na wiki iliyofuata wakarudia wasije wakakosea. Ya Fundi ilikuwa chini mara zote mbili. Daktari, kijana asiye na haraka, alimweleza kwamba jambo hili linawapata wanaume wenye virusi kuliko wengine, hata wanaomeza dawa zao bila kukosa. Halikuja kwa kosa lolote, na dawa asiache hata siku moja. Kuna vipimo vingine vya kufanya hospitali kubwa, kisha pengine sindano, na itachukua miezi. Mengi hurudi, alisema, ila hakuapa kwamba yote yatarudi.

Fundi aliitikia kila sentensi. Alikuwa ametarajia kwamba akipata jina la kinachomsumbua atapumua, hata atatabasamu. Alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akarudi nyumbani kwa miguu.

*

Mama Pacha alikuwa anakunja sare za shule mezani. Fundi aliifunua karatasi akaiweka juu ya sketi iliyokwisha kukunjwa. Mama Pacha aliisoma, akaisoma tena, kidole chake kikifuata mistari.

"Hii ni nini?"

"Ni mimi," alisema Fundi, akamweleza yote, hadi lile jibu la siku ya kikao.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke."

"Hakuna."

Alidhani mkewe atafurahi, walau kidogo. Mama Pacha aliketi, akaivuta sare moja akaipakata.

"Mwezi mzima najitazama kwenye kioo," alisema, "najiuliza nimechakaa wapi. Nalala na watoto, wananipiga mateke. Kaka yangu ananipigia simu kila Jumapili aniambie nivumilie, wanaume ndivyo walivyo. Na wewe umekaa hapo, unakula chakula nilichopika, unajua kwamba hakuna kitu."

"Niliona haya."

"Haya kwa nani? Kwangu? Nilikuchukua na virusi vyako mbele ya ukoo mzima, wengine wakakataa kuja harusini. Ni mimi wa kunionea haya?"

 Fundi alitazama mikono yake. Mama Pacha akawa anapiga pasi sare kwa kiganja, kisha kiganja kikasimama palepale.

"Yule mama," alisema.

Aliirudisha sare mezani.

"Baba Pacha, nimemfanya nini yule mama wa watu? Nimesimama mlangoni kwake..." Alimgeukia. "Siku ile ulikuwa wapi? Ulijua?"

"Seremala alikuja kuniambia."

"Nikiwa bado niko pale?"

"Ukiwa bado uko pale."

"Ukafanya nini?"

"Niliendelea na kazi."

Mama Pacha alimtazama. Macho yake hayakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Huu ugonjwa naukubali," alisema. "Sindano tutazifuata pamoja, na hata zisiposaidia, sitakwenda popote. Lakini hilo la kuendelea na kazi si homoni, Baba Pacha. Hilo ni wewe."

*

Jumamosi ndiyo siku ya nywele. Walipofika saluni saa tano viti vyote vitatu vilikuwa vitupu na mashine ya kukaushia ilikuwa imefunikwa taulo. Msusi alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi, anafumua wigi lake mwenyewe ili mikono isikae bure. Alipomwona Mama Pacha alishika mkasi, akauweka tena.

Mama Pacha alipiga magoti palepale sakafuni. Alisema amekosa, mumewe alimdanganya kwamba ana hawara naye akamtukana mtu asiye na hatia, na hajui atamlipa nini. Alikuwa analia na hakujifuta.

"Inuka," alisema msusi. "Kukusamehe sijakusamehe, lakini inuka. Wewe ulidanganywa." Akageuka. "Wewe je, Fundi? Siku tatu ulilala hapo chini unapigilia misumari, nikikupa chai, tukiongea habari za marehemu mume wangu. Una neno gani?"

"Dada, naomba unisamehe." Fundi aliinamisha kichwa na sauti vilevile. "Mimi kwa kweli sina... hali yangu ni kwamba..."

"Unamnong'oneza nani?" msusi alimkata. "Humu ndani tuko watatu na wote tunajua kwamba hujanigusa. Mkeo hakuyasemea humu." Alinyoosha kitana kuelekea mlangoni. "Aliyasemea pale."

Nje barabara ilikuwa imejaa. Wauza mboga walikuwa wamepanga mafungu yao upande wa pili, vijana wa pikipiki wamekaa kimshazari juu ya viti vyao wakisubiri abiria, na watu walikuwa wanapita na mizigo.

"Niseme yote?" Fundi aliuliza.

"Ya virusi walishayasikia. Sema hayo mengine."

"Nitasema mimi," alisema Mama Pacha. "Mimi ndiye niliyeanza."

"Hapana," alisema Fundi.

Akatoka, akasimama kwenye ngazi. Mkewe alikuja akasimama ubavuni pake. Mate yalikuwa yamemkauka Fundi.

"Jamani," alianza, na wachache wakageuka. "Jamani, mimi ndiye fundi makochi. Yale mliyosikia juu ya huyu mama ni uongo, na uongo ni wangu. Hakujua chochote. Sina mwanamke wa nje. Hata wa ndani..." Alimeza mate yasiyokuwepo. "Sina nguvu za kiume. Mwaka sasa. Nimepimwa, ni ugonjwa. Niliona afadhali niitwe malaya kuliko kuitwa hivyo."

Joto lilimpanda kutoka tumboni, likashika shingo, likafika masikioni. Ilikuwa aibu. Aibu kamili, isiyopungua kitu, na ndiyo hisia ya kwanza iliyomfikia kwa zaidi ya mwaka. Alitamani ardhi impasukie. Alitamani pia kulia, naye alikuwa ameshasahau kwamba hilo nalo linaweza kutamaniwa.

Muuza mboga mmoja wa upande wa pili, bibi mnene mwenye fungu la mchicha mkononi, aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Unasemaje, baba?" alipaza sauti. "Huku hatusikii! Huna nini?"

Vijana wa pikipiki waliangua kicheko, na watu waliokuwa wanapita wakasimama waone kinachochekwa. Fundi aligeuka kumtazama msusi. Msusi alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani, na hakuwa na nia ya kumsaidia. Fundi akaigeukia barabara, akajaza pumzi kifuani, akaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti kubwa.